Ufunguo wa Kabati la Sukari

Mimi ni fundi wa makufuli na sina subira na milango inayojisifu. Huu ni mwaka wa kumi na tisa niko kwenye kibanda changu na mashine ya kuchonga funguo, tupa tatu, na ulimi ambao mama yangu anasema ndio ulistahili kufungwa kufuli kabla ya kitu kingine chochote. Watu huniletea makufuli makubwa yanayong'aa, wakidhani ukubwa ndio ulinzi. Nami huwauliza swali moja tu: ufunguo wa akiba uko wapi? Wengi hucheka kwanza, halafu wanakiri kwamba uko chini ya chungu cha maua.

Kwa hiyo mdogo wangu alipotokea kibandani Jumatano mchana, saa za kazi, barua mkononi na macho yamevimba, nilijua kuna mlango umefunguka mahali. Mdogo wangu ni karani katika ofisi ya usajili wa viwanja. Ana miaka kumi na moja pale na hajawahi kuchelewa hata siku moja. Ni mtu wa kunyoosha karatasi kwa kiganja kabla ya kuigonga muhuri. Akiazima kalamu yako, anairudisha na kifuniko chake.

"Dada, wananifukuza," alisema. "Kesho saa tano nina kikao cha nidhamu. Kikiisha vibaya, faili linakwenda polisi."

Nilizima mashine, nikamkalisha kwenye stuli ya wateja, nikaisoma ile barua mara mbili. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, kiwanja cha mama mmoja mjane kilibadilishwa jina la mwenyewe. Mabadiliko yalifanywa kwenye kompyuta ya mdogo wangu, kwa jina lake, kwa neno lake la siri. Ijumaa yule mjane alikuja kuchukua nakala ya hati, akaambiwa dirishani kwamba kiwanja si chake tena.

"Saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Chini, stoo ya mafaili. Saa nne watu wote wanakwenda chai. Mimi zile kelele siziwezi, nashuka stoo, nakula mkate wangu, napanga mafaili ya zamani."

"Nani alikuona?"

"Panya."

Alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kilio. Mimi nilikasirika. Huyu ndiye mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe nikiwa bado mtoto, na sasa watu wenye tai wanataka kumwita mwizi.

"Paswedi yako nani anaijua?"

"Hakuna. Hata wewe sijakwambia, Dada."

"Hujaiandika popote?"

"Sijaiandika kabisa. Labda ile ya kwenye bahasha tu."

"Bahasha gani?"

Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza namna ya kufunga kamba za viatu. Zamani, kabla ya kompyuta, kila chumba pale ofisini kilikuwa na ufunguo, na kila ufunguo ulikuwa na pacha wake ndani ya kabati la akiba kwenye korido. Ilikuwa kanuni: hakuna ufunguo usio na pacha. Kompyuta zilipokuja, na kila mtu akapewa neno lake la siri, kuna mkubwa mmoja akauliza, je, pacha wake yuko wapi? Basi ikapitishwa. Kila mfanyakazi anaandika neno lake kwenye karatasi, anaitia kwenye bahasha, anaigundisha, anasaini juu ya mdomo wa bahasha ili saini ishike pande zote mbili, kisha bahasha inawekwa kwenye kabati lile lile. Kila miezi mitatu neno linabadilishwa, na bahasha nayo inabadilishwa.

"Ni utaratibu tu," alisema.

Nilicheka kwa sauti mpaka fundi viatu wa kibanda cha pili akachungulia kuona kama nimepatwa na wazimu. "Chungu cha maua!" nikasema. "Ofisi nzima, na vyeti vyenu vyote ukutani, mmekwenda kuweka ufunguo chini ya chungu cha maua!"

"Lakini kabati linafungwa, Dada. Ufunguo anao mkuu wa kompyuta peke yake."

"Kabati la namna gani?"

"La chuma, la kijivu. Yako kumi na mawili jengo zima, yaliletwa siku moja."

Hapo nikanyamaza. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikipiga kelele hakuna neno, lakini nikinyamaza ni bora kukaa mbali. Nikamuuliza kama barua inamruhusu kwenda na mtu. Akasema mwakilishi mmoja.

"Umeshampata," nikamwambia. "Futa machozi, twende nyumbani."

Usiku ule Mama alisikiliza habari yote bila kumkatiza mtoto wake. Habari ilipokwisha, hakumgeukia yeye, alinigeukia mimi. "Nenda naye," alisema. "Ila usipaze sauti. Wewe ukipaza sauti, hata mwenye haki anaonekana mkosaji." Nikamwahidi, na niliposema ahadi ile nilikuwa nimeshaanza kuijutia.

Alhamisi tulifika getini saa nne kasoro robo. Mlinzi akafungua mkoba wangu, akatoa bisibisi mbili, tupa ndogo na koleo, akaviweka kwenye droo yake. Vifaa haviruhusiwi kuingia, alisema. Mkuu wa kompyuta ameagiza. Sikubisha. Niliingia ndani ya jengo lile mikono mitupu, na baadaye nilifurahi sana kwamba ilikuwa hivyo.

Mkuu wa kompyuta wenyewe wanamwita Bwana Ngome, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kutia neno ngome. Si mtu mbaya. Ni kijana nadhifu anayependa mashine zake, na nilipoona mlango aliouweka kwenye chumba cha makarani nilimheshimu kidogo. Ni mlango mzito, unafunguka kwa kadi tu, na kila ukifunguka unalia. Basi saa nne ikagonga. Makarani wakatoka wote kwa pamoja kwenda chai, na wa mwisho wao, mama mmoja mnene mwenye haraka, akausukuma kwa mguu mtungi mwekundu wa kuzimia moto, akaukingia mlango usijifunge. Akaenda zake.

"Mnafanya hivi kila siku?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Kile kidude kinatupigia kelele tukirudi na vikombe mikononi. Halafu hewa inaingia."

"Na ile kamera?"

"Inaangalia chumba cha mashine kubwa. Huku haifiki."

Nikaanza kuhesabu vidole vyangu, maana kuhesabu ndiyo dawa yangu ya hasira. Hatua sita kutoka mlango ule lilisimama kabati la akiba, la kijivu, limebandikwa karatasi yenye maandishi mekundu: SIRI. USIGUSE. Sikuligusa. Niliinama tu, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikalitazama kufuli lake. Juu ya uso wake ilichorwa namba, 216.

Tulipoingia chumba cha chai, watu wakapunguza sauti, kama wanavyofanya watu mfiwa anapoingia. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Aliyetupokea vizuri alikuwa Mama Chai, mwanamke mfupi mwenye kanga ya kiunoni na macho yasiyopitwa na kitu. Alitumiminia chai kabla hatujaomba. Nyuma yake kulikuwa na kabati jingine la kijivu, ndugu wa lile la kwenye korido, ambamo aliweka vikombe, majani ya chai na sukari. Ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi.

Nikautazama ule ufunguo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Wewe mama, unatafuta nini kifuani kwangu?" akaniuliza.

"Nausifu ufunguo wako tu."

"Usifie kwa mbali. Huu hautoki hapa bila saini. Vikombe vya ofisi hii viliisha vyote, kila mtu akiulizwa anasema si mimi. Nikasema sasa basi." Akapiga kiganja juu ya daftari lenye jalada la bluu lililokuwa kando ya birika. Ufunguo wenyewe ukageuka kifuani kwake, nami nikaisoma namba upande wa pili. 216.

Chai ile sijui hata ilikuwa na ladha gani. Nilikuwa nataka kuruka juu.

Wakati huo akaingia Naibu Mkurugenzi, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, chupa yake ya maji ya moto kwapani. Mama Chai hakumnyooshea kikombe. Ilikuwa inajulikana ofisi nzima kwamba Naibu hanywi chai, na sukari kwake ni sumu, na kwamba ukikaa naye meza moja utahubiriwa juu ya kongosho yako hadi chai ipoe. Alikuja moja kwa moja kwa mdogo wangu, akamwekea mkono begani.

"Pole sana, binti yangu," akasema. "Ukweli utajulikana."

"Amina," nikasema mimi.

Saa tano tukaingia ukumbini. Mkurugenzi alikaa katikati, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea na uso wa mtu ambaye hakulala. Kulia kwake Naibu, kushoto Bwana Ngome na kompyuta yake ya mapajani. Naibu akasoma mashtaka kwa sauti ya huzuni nzuri, akamaliza kwa kusema kwamba inamuuma, lakini mashine haisemi uongo.

Bwana Ngome akasimama. Alieleza kwamba neno la siri la kila mfanyakazi lina herufi zisizopungua kumi na nne. Ukikosea mara tatu unafungiwa nje. Mtu aliye nje ya jengo hawezi kuingia, wala aliye ng'ambo ya bahari hawezi. "Mama Mkurugenzi, mfumo wetu ni ngome," akasema. "Aliyeingia saa nne na dakika ishirini na tano aliingia kwa neno sahihi, mara ya kwanza, bila kukosea. Mwenye neno hilo ni mmoja tu."

Mdogo wangu akapewa nafasi. Alisimama, akasema, "Si mimi," na sauti ikamkauka. Miaka kumi na moja ya kazi, na maneno yote yaliyokuja ni hayo mawili. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi kabisa.

"Mwakilishi ana la kusema?" Mkurugenzi akauliza.

Nikasimama. Nikamkumbuka Mama na sauti yangu nikaiteremsha chini mpaka mwenyewe nikaishangaa. "Mama Mkurugenzi, shikamoo. Mimi kompyuta sizijui. Mimi ni fundi wa makufuli, na nina maswali mawili kwa kijana huyu."

Naibu akatabasamu. "Makufuli?"

"Makufuli, mheshimiwa. Kijana wangu, neno la siri la huyu mdogo wangu limeandikwa mahali?"

Bwana Ngome akababaika kidogo. "Lipo kwenye bahasha. Lakini bahasha zimegundishwa na kusainiwa, ziko ndani ya kabati, na kabati limefungwa."

"Ufunguo wa kabati wanao wangapi?"

"Mmoja tu." Akauvuta kutoka kwenye mkanda wake, akauinua ili wote tuuone. "Mimi. Nalala nao."

"Hata mkeo ana shida," nikasema, na Mkurugenzi akakohoa ndani ya kiganja. "Basi naomba tutoke kwenye korido, dakika tano tu. Na ufunguo wako ubaki nao hapo hapo mkononi."

Tukatoka. Kikao cha nidhamu kizima kikapanga mstari nyuma ya fundi kufuli mpaka chumba cha chai. Makarani waliokuwa wakipita na mafaili wakasimama. Nikamwomba Mama Chai ufunguo wa kabati la sukari.

"Saini," akasema, akifungua daftari la bluu.

"Mama Chai, ni mimi nimemleta," Mkurugenzi akasema.

"Sawa, Mama. Asaini."

Nikasaini. Daftari lilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: jina, saa ya kuchukua, sababu, saa ya kurudisha. Kwenye sababu nikasita. Sikutaka kulisema pale mbele ya wote kabla ya wakati wake. Nikamwambia nitaijaza nikirudi.

"Usipojaza nitakufuata mpaka kwenu."

"Mimi ni shahidi wake," Mkurugenzi akasema, na ndipo uzi mweusi ukavuliwa shingoni.

Nililiendea kabati la akiba. Sikuwa na hakika, nakiri. Makabati ya namna ile hutoka kiwandani kwa mafungu, na mara nyingi fungu zima huwa na ufunguo wa namba moja, kwa kuwa kiwanda hakijali nani ataweka sukari na nani ataweka siri. Mara nyingi, lakini si kila mara. Nikautia ufunguo wa sukari ndani ya kufuli la kabati lenye karatasi ya SIRI, USIGUSE, nikauzungusha.

Ukazunguka bila hata kukwama. Mlango ukafunguka wenyewe, ukalia kidogo, na zile bahasha zote, safu tatu, zikatukodolea macho.

Nyuma yangu mtu akapiga makofi mara moja, akajizuia. Bwana Ngome alikuwa ameushika ufunguo wake kwa mikono miwili na rangi imemtoka. "Herufi kumi na nne," akasema kwa sauti ya chini, kama anajisomea msiba.

"Kijana wangu, ngome yako ni nzuri," nikamwambia, na nilimaanisha. "Ukuta wake mrefu, mwizi wa ng'ambo ya bahari hawezi kuupanda. Ila kamba hukatikia pabovu. Wewe ulikuwa unamtazama wa mbali, na huyu wa karibu alipita na kikombe mkononi."

Naibu ndiye aliyezungumza haraka. "Hii inaonyesha kabati linaweza kufunguka. Haionyeshi kwamba lilifunguliwa."

"Kweli kabisa," nikasema. "Mdogo wangu, itoe bahasha yako."

Akaitoa kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama, na hapo ndipo mgongo wake uliponyooka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Mama Mkurugenzi," akasema, na sauti ilikuwa imerudi, "mimi nikisaini, mkia wa saini unavuka mdomo wa bahasha moja kwa moja. Tazama zote nilizosaini kwenye mafaili. Hapa umekatika. Nusu ya juu imesogea."

Mkurugenzi akavaa miwani yake vizuri. Saini ilikuwa imepasuka katikati, nusu moja imepishana na ya pili kwa upana wa uzi, na gundi mpya imemwagika pembeni, ya njano, juu ya gundi ya zamani iliyokuwa nyeupe. Bahasha nyingine zote zilikuwa nzima.

"Imefunguliwa na kugundishwa tena," Mkurugenzi akasema.

"Hata yeye mwenyewe angeweza kuifungua," Naibu akasema. "Au yeyote."

"Si yeyote," nikasema. Nikauinua ufunguo kwa uzi wake. "Aliyeushika huu."

Basi watu wote wakageuka kumtazama Mama Chai. Nilimwonea huruma kwa nusu dakika, nikidhani nimemtia matatani mwanamke wa watu. Yeye hakuhitaji huruma ya mtu. Alikwishalamba kidole na alikuwa anafunua kurasa za daftari la bluu.

"Jumanne ya wiki iliyopita," akasoma. Mama Chai husoma kwa sauti ya mtangazaji, neno kwa neno. "Siku hiyo nilitoa vikombe mwenyewe saa tatu na nusu. Baada ya hapo ufunguo umetoka mara moja tu. Umechukuliwa saa nne na dakika kumi. Umerudishwa saa nne na dakika thelathini na tano. Jina: Naibu Mkurugenzi. Saini hii hapa. Sababu: sukari."

Yule mama mnene wa mtungi wa moto, aliyekuwa nyuma kabisa, akauliza kwa mshangao wa kweli, bila hila yoyote: "Naibu? Sukari?"

Kicheko kilianza kwake, kikashika makarani wawili, halafu kikazimika chenyewe, kwa sababu uso wa Naibu ulikuwa umebadilika. Ile chupa ya maji ya moto ilikuwa inateleza kwapani na hakuwa na habari nayo.

"Nilikuwa na mgeni," akasema.

"Dakika ishirini na tano za sukari," Mama Chai akasema. "Nilijiuliza siku ile ile. Nikasema, labda ameacha dini."

Mkurugenzi hakucheka. Alimwomba mdogo wangu alete faili la kile kiwanja, akalifungua pale pale akiwa amesimama, akasoma jina la mmiliki mpya wa kiwanja. Alilisoma mara mbili. Wiki nzima walikuwa wameshughulika na nani aliandika, hakuna aliyejisumbua kutazama nani aliandikiwa. "Jina hili la ukoo," akamwambia Naibu taratibu, "mara ya mwisho nililiona kwenye kadi ya harusi yako. Upande wa bibi harusi."

Chupa ya Naibu ikaanguka sakafuni, maji ya moto yakasambaa mpaka kwenye viatu vyake, na hata hivyo hakusogea. Kama ilivyojulikana baadaye, siku aliyoyapokea yale makabati kumi na mawili yeye mwenyewe, akayasainia, alijua yote yana ufunguo mmoja, na kwa miaka yote hakumwambia mtu. Alijua korido saa nne haina mtu, na kamera inaangalia kwingine, na mlango umewekewa mtungi. Alimwogopa Bwana Ngome na kompyuta zake, akazipita kwa akili sana. Daftari la vikombe hakuliogopa, maana katika maisha yake hajawahi kufikiri kwamba mtu wa birika naye anaweka kumbukumbu.

Marehemu baba yangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akisema kufuli halimzuii mwizi, linamchelewesha tu hadi mtu atazame. Mimi nilidhani ni maneno ya kumfariji mteja. Siku ile, kwenye korido ile, nilimwelewa baba yangu, na nilitamani angekuwepo.

Mkurugenzi aliwaita walinzi. Naibu akaondoka katikati yao, suruali imelowa, bila kumwangalia mtu. Kisha Mkurugenzi akamgeukia mdogo wangu, akaichukua ile barua mkononi mwake, akaichana vipande vinne mbele ya wote.

"Tumekukosea," akasema. "Nenda kapumzike wiki nzima."

"Asante, Mama," mdogo wangu akasema. "Lakini kwanza nirudishe kiwanja cha yule mama."

Akaingia chumba cha makarani. Kabla ya kuketi, aliinama akauondoa ule mtungi mwekundu kwa mikono yake, akaurudisha ukutani mahali pake, mlango ukajifunga nyuma yake ukilia. Nilimtazama kupitia kioo. Bwana Ngome alisimama kando yake, akamwandalia neno jipya, na safari hii hakuna aliyeleta bahasha. Akalinyoosha faili kwa kiganja. Akaandika jina la mjane, herufi moja moja, akanyanyua simu akampigia mwenyewe. Sikusikia alichoambiwa, ila nilimwona anaisogeza simu mbali na sikio, na mpaka nje ya mlango ule mzito tukakisikia kigelegele.

Ahadi yangu kwa Mama iliishia hapo. Nami nilipiga changu, kirefu, mpaka mlinzi wa getini akaja mbio na bisibisi zangu mkononi.

Nilimpigia Mama nikiwa pale pale kwenye korido. "Umepigana?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Sijapigana, Mama. Nimefungua mlango tu. Anarudi kazini."

Nikamsikia analia na kuniamuru nisimwambie mdogo wangu kwamba analia.

Bwana Ngome alinifuata, akaniuliza kama ningeweza kuja Jumatatu nizunguke naye jengo zima, kufuli kwa kufuli. Nikamwambia nitakuja, na kwamba somo la kwanza atalipata kwa Mama Chai. Akaitikia kwa kichwa bila kuona aibu. Nikajua atafika mbali.

Nilikuwa nimeshaanza kushuka ngazi nilipohisi navutwa gauni kwa nyuma. Alikuwa Mama Chai, daftari la bluu wazi kiganjani, kalamu tayari.

"Ufunguo wangu," akasema. "Halafu hujajaza sababu."

Nikauvua ule uzi mkononi mwangu, nikamvika shingoni kwa heshima zote. Nikaandika saa ya kurudisha. Kisha, kwenye mstari wa sababu, kurasa chache baada ya mahali Naibu alipoandika sukari, nikaandika: mdogo wangu.